Nguvu Iliyomo Ndani ya Muhogo: Tuilinde Miguu na Akili za Watoto Wetu



Katika somo la toleo hili tumechagua chakula ambacho karibu kila kaya ya Mtwara inacho shambani, ghalani au sufuriani, nacho ni muhogo. Kuanzia Msimbati na Madimba, kupita Kilambo na Mahurunga kando ya Mto Ruvuma, hadi juu kwenye nyanda za Makonde huko Newala na Tandahimba, muhogo ndio unaotuvusha miezi ya njaa, wakati mahindi na mtama vimekwisha na vipya havijakomaa. Mvua ikikataa, muhogo haukatai. Unakubali mchanga ambao mazao mengine yameushindwa, na unaweza kukaa ardhini ukimsubiri mwenyewe.

Lakini muhogo huohuo, usipoandaliwa vizuri, umewahi kuwalemaza watu wa mkoa wetu. Ugonjwa huo unaitwa konzo. Mtu mwenye afya hupooza miguu ghafla na hapati tena miguu yake ya zamani. Wengi wanaopatwa ni watoto na akina mama walio katika umri wa kuzaa.

Hatuandiki somo hili ili watu waogope muhogo. Tunaandika kwa sababu ugonjwa huu unazuilika, na kinga yake iko jikoni kwetu: maji kidogo, beseni, na saa mbili za jua. Ili tuelewe kwa nini jambo dogo namna hiyo linaweza kuokoa miguu ya mtoto, tuanze na swali la nguvu. Nguvu tunayoipata kwenye ugali inatoka wapi?

Mwili wetu na gesi ya Mnazi

Sisi wa Mtwara hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano wa nishati. Gesi asilia iligunduliwa katika Ghuba ya Mnazi mwaka 1982. Baadaye ikaanza kuzalisha umeme hapa Mtwara, na mwaka 2015 likazinduliwa bomba la kuipeleka Dar es Salaam. Gesi ikikaa tu ndani ya bomba haiwashi taa ya mtu. Ni lazima ifike kwenye mtambo, ikutane na oksijeni iliyomo hewani, iungue, ndipo nguvu itoke.

Mwili hufanya kazi kwa kanuni hiyohiyo, ila bila moto unaoonekana. Unga wa muhogo karibu wote ni wanga. Tukila ugali, tumbo huuvunja wanga huo kuwa sukari iitwayo glukosi. Damu huibeba glukosi na kuifikisha kwenye seli, yaani vyumba vidogo sana ambavyo mwili mzima umejengwa navyo. Ndani ya kila seli kuna mitambo midogo iitwayo mitokondria. Humo glukosi hukutana na oksijeni tuliyoivuta kwa pumzi, na nguvu hupatikana. Ndiyo maana mchezaji wa mpira akikimbia hupumua kwa kasi: misuli yake inadai oksijeni zaidi ili ichome mafuta zaidi.

Misuli inaweza kufanya kazi kidogo bila oksijeni ya kutosha, kama katika mbio fupi za kasi. Lakini njia hiyo hutoa nguvu ndogo, haidumu, na mtu huchoka upesi. Hakuna anayeweza kulima siku nzima au kucheza dakika 90 kwa njia hiyo.

Kiungo kinachodai nguvu kupita vyote ni ubongo. Kwa mtu mzima ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya nguvu yote ya mwili uliopumzika. Kwa mtoto mdogo, ambaye ubongo wake bado unajengwa, fungu hilo ni kubwa zaidi. Kukumbuka jedwali la kuzidisha, kusoma herufi na kutunza alichofundishwa jana, yote hayo yanalipiwa kwa glukosi na oksijeni.

Sumu ya muhogo inatoka wapi?

Muhogo hauwezi kukimbia adui, kwa hiyo umejiwekea ulinzi wake. Ndani ya seli za mizizi na majani kuna kitu kiitwacho linamarini. Kwenye kuta za seli hizo kuna kimeng'enya kiitwacho linamarasi. Seli ikiwa nzima, vitu hivi viwili havikutani. Ni kama njiti na ubavu wa kiberiti: vikikaa mbalimbali hakuna moto. Mnyama akitafuna mzizi, seli huvunjika, vitu viwili hukutana, na sianidi hutoka. Sianidi ni sumu kali.

Muhogo mchungu kwa kawaida una linamarini nyingi kuliko ule mtamu. Wakulima wetu hawapandi muhogo mchungu kwa kukosa akili. Nguruwe pori na ngedere hawaushambulii sana, na mwizi haung'oi na kuutafuna njiani. Tatizo ni kwamba uchungu si kipimo cha uhakika. Mwaka wa ukame, hata mihogo iliyokuwa ya kawaida huongeza sumu yake. Na mwaka wa ukame ndio mwaka ambao hatuna chakula kingine.

Sianidi inavyouzima mtambo

Sianidi ikiingia mwilini hukamata kimeng'enya cha mwisho ndani ya mitokondria, kile kinachopokea oksijeni. Kikishikwa hicho, mtambo husimama. Damu inaweza kuwa na oksijeni tele na sukari tele, lakini seli haiwezi kuvitumia. Ni kama mtu anayesimama kando ya kisima kilichojaa huku ndoo yake imetoboka.

Sianidi ikiwa nyingi kwa mara moja, mtu huugua ndani ya saa chache baada ya kula: kichwa kuuma, kizunguzungu, tumbo kuuma, kutapika na kulegea. Ikizidi, huua. Sianidi ikiwa kidogo kidogo kila siku kwa wiki nyingi, na chakula kikiwa hakina protini ya kutosha, ndipo hatari ya konzo inapokuja.

Mwili wetu una kinga yake. Huichukua sianidi na kuiunganisha na salfa, ikawa kitu kisicho na madhara makubwa kiitwacho thaiosianati, kisha ikatoka kwa mkojo. Lakini salfa hiyo mwili huipata kwenye protini tunazokula: samaki, dagaa, mayai, nyama na maziwa, na kwa kiasi fulani kunde na mbegu za mafuta. Anayekula ugali wa muhogo kwa chumvi na maji, asubuhi na jioni, anaingiza sumu na hapo hapo anajinyima silaha ya kuiondoa. Hiyo ndiyo sababu konzo ni ugonjwa wa maskini na wa miaka ya njaa.

Konzo kwa jirani zetu na kwetu

Jina konzo linatokana na lugha ya Kiyaka ya kusini magharibi mwa Kongo, nalo linahusu miguu iliyofungwa. Daktari Giovanni Trolli aliuelezea ugonjwa huu kwa maandishi mwaka 1938, kutoka eneo la Kwango huko Kongo.

Mwaka 1981 ulilipuka kwa jirani zetu wa ng'ambo ya Ruvuma, katika mkoa wa Nampula, Msumbiji. Kulikuwa na ukame mkubwa, na watu zaidi ya 1,000 walipooza. Miongoni mwa madaktari walioufanyia uchunguzi walikuwa Julie Cliff na Hans Rosling, ambaye wakati ule alikuwa akifanya kazi Nacala. Mwanzoni walihofia kuwa ni polio au sumu ya vita. Uchunguzi uliwarudisha kwenye muhogo mchungu ulioandaliwa kwa haraka.

Hapa Tanzania konzo ilionekana wilayani Tarime, Mkoa wa Mara, mwaka 1985. Dakta William Howlett na wenzake waliichunguza na kuchapisha taarifa yao mwaka 1990. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Mkoa wetu wa Mtwara ulipata watu waliougua kwa kula muhogo usioandaliwa vya kutosha, na Dakta Nicholas Mlingi wa Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania alikuwa miongoni mwa waliofuatilia jambo hilo. Miaka ya mwanzo ya 2000 konzo ilirudi, katika wilaya ya Mtwara na ile ya Mbinga.

Tukiyatazama matukio haya pamoja tunaona kitu kimoja. Muhogo haukubadilika kuwa adui usiku mmoja. Kilichobadilika ni muda. Njaa ilipobisha hodi, au fedha ilipohitajika haraka, hatua ambazo bibi zetu walizifuata kwa siku kadhaa zilifanywa kwa siku moja au mbili.

Kwa nini miguu, na kwa nini kumbukumbu?

Katika konzo, misuli ya miguu haiozi wala haikauki. Kinachoumia ni neva zinazotoka ubongoni kuiamrisha miguu. Mara nyingi humkuta mtu asubuhi anapoamka, au baada ya kutembea mwendo mrefu. Hakuna homa. Miguu yote miwili hukakamaa kwa pamoja, magoti hukaribiana, na vidole hukwaruza ardhi. Mwenye hali nyepesi hutembea kwa shida bila msaada, mwingine huhitaji fimbo moja au mbili, na mwenye hali nzito hawezi kusimama kabisa. Wakati mwingine mikono, kusema au kuona navyo huguswa.

Tutofautishe na polio. Miguu ya polio hulegea, tena mara nyingi ni mguu mmoja kuliko mwingine. Miguu ya konzo hukakamaa. Konzo haiambukizi, haitokani na ukoo, wala haitokani na uchawi. Kuna familia ambazo watu wawili au watatu wamepatwa, na majirani wakaanza kunong'ona. Sababu ni kwamba wote walikula kutoka sufuria moja.

Jambo ambalo wengi hatukulijua zamani ni habari ya akili. Mwaka 2013 Michael Boivin na wenzake walichapisha utafiti uliofanywa Kahemba, Kongo. Waliwapima watoto wenye konzo, watoto wasio na konzo wanaoishi katika mazingira yaleyale, na watoto wa kijiji kisicho na ugonjwa huo. Walikuta kwamba hata watoto ambao miguu yao ilikuwa mizima, lakini wanakula chakula kilekile, walikuwa nyuma ya wale wa kijiji kingine katika baadhi ya vipimo vya akili.

Tulitafakari hili kwa makini. Kijiji kikiwa na mtoto mmoja aliyepooza, tunamwona na kumhurumia. Lakini watoto wengine 20 wanaweza kuwa wanakimbia uwanjani kila jioni, na asubuhi darasani hawashiki wanachofundishwa. Mwalimu atasema ni wavivu. Mzazi atasema hawapendi shule. Kumbe tatizo lingeweza kuanzia kwenye unga.

Kuna njia nyingine tena ya kuumia. Ile thaiosianati tuliyoitaja, ikizidi, huzuia tezi ya shingo kupata madini joto. Matokeo yake ni rovu, ambalo wengine huliita goita. Mama mjamzito asiyepata madini joto ya kutosha huhatarisha ubongo wa mtoto aliye tumboni. Watu wengi hudhani chumvi ya mashamba ya chumvi ya pwani yetu, kwa kuwa inatoka baharini, ina madini joto. Chumvi ya bahari huwa nayo kidogo sana mpaka yaongezwe. Kwa hiyo kwa mlaji wa muhogo, chumvi iliyotiwa madini joto ni lazima.

Kupika sana hakutoshi

Katika mafunzo vijijini swali linalokuja kwanza huwa ni hili: je, tukiupika ugali muda mrefu, sumu haiishi? Jibu ni hapana. Sianidi iliyokwisha kuwa gesi hutoka kwa moto, lakini linamarini yenyewe huvumilia maji yanayochemka. Kinachoharibika upesi kwa moto ni kile kimeng'enya cha kuivunja. Tukiwahi kuchemsha, tunamwua mfanyakazi kabla hajamaliza kazi. Linamarini inayobaki tunaimeza, na sehemu yake huvunjwa kuwa sianidi tumboni.

Siri ya maandalizi yote mazuri ni ileile: vunja seli ili vitu viwili vikutane, vipe maji na muda, kisha iache gesi itoke. Gesi ya sianidi huchemka kwenye joto la nyuzi 26 hivi, joto ambalo mchana wa Mtwara huwa unalipita. Jua letu ni msaidizi wa bure.

Tutazame njia tulizonazo:

1. Kuanika makopa tu. Muhogo humenywa, hupasuliwa na kuanikwa. Njia hii huacha kama robo hadi theluthi ya sumu. Vipande vyembamba kwenye jua kali hukauka upesi mno, na kimeng'enya husimama kazi mapema kwa kukosa maji. Kukauka haraka si kusalimika.

2. Kuvundika. Mihogo iliyomenywa hurundikwa na kufunikwa siku kadhaa mpaka ilainike, ukungu wa nje hukwanguliwa, kisha huanikwa. Njia hii huacha kama sehemu 1 kati ya 6 hadi 1 kati ya 8 ya sumu.

3. Kuloweka. Mihogo hukaa majini siku 3 hadi 5 mpaka ilainike, kisha huanikwa. Hii ndiyo bora, maana huondoa karibu sumu yote. Lakini juu ya nyanda za Makonde mchanga hunywa maji ya mvua, na ndoo moja ina thamani kubwa. Huku bondeni Ruvuma maji yapo, ila mamba nao wapo. Anayeishi karibu na mto aloweke nyumbani kwenye pipa au ndoo, asimtume mtoto mtoni.

4. Kutwanga kisamvu. Majani ya muhogo yana sumu nyingi kuliko watu wanavyodhani. Kinu na mchi vya bibi zetu vilikuwa vikifanya sayansi: kutwanga huvunja seli, na sianidi hutoka. Kisamvu kitwangwe hadi kiwe laini, kisha kipikwe vizuri. Kisamvu kilichokatwakatwa kwa kisu na kutiwa sufuriani si salama sawasawa.

Kulowesha unga: hatua kwa hatua

Je, kama makopa yamekwisha kusagwa na unga uko ndani? Hapo ndipo njia mpya inaposaidia. Ilibuniwa na Profesa Howard Bradbury wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia na wenzake katika miaka ya 2000. Inaitwa kulowesha unga. Tusiichanganye na kuloweka mihogo mizima.

Katika unga mkavu bado kuna linamarini na bado kuna kimeng'enya, ila vimelala kwa kukosa maji. Tukivipa maji, huamka na kukutana. Hatua ni hizi:

Kwanza, mimina unga wa kupikia siku hiyo ndani ya beseni au sufuria. Usawazishe bila kuushindilia, na weka alama ndani ya chombo mahali unga ulipofikia.

Pili, ongeza maji safi kidogo kidogo huku ukichanganya. Unga utashuka kwanza, kisha utapanda. Ukifika tena kwenye ile alama, acha kuongeza maji.

Tatu, tandaza unga huo mbichi kwenye sinia, ungo au mkeka safi. Unene usizidi sentimita 1. Ukiwa mnene, gesi haipati njia.

Nne, uache saa 2 juani, au saa 5 kivulini. Mtu mmoja auangalie, kuku na mbuzi wasiufikie.

Tano, pika ugali siku hiyohiyo kama kawaida. Unga uliolowa hauwekwi hadi kesho.

Njia hii hupunguza sumu hadi theluthi moja au hata sehemu 1 kati ya 6 ya ile iliyokuwapo. Katika kijiji cha Kay Kalenge, eneo la Popokabaka huko Kongo, akina mama walifundishwa kuitumia kuanzia mwaka 2010, na hakukupatikana mgonjwa mpya wa konzo katika kipindi cha mradi. Kwa upande wetu, mwaka 2011 Dakta Mlingi na wenzake walichapisha taarifa kuhusu konzo kurudi kusini mwa Tanzania na kuizuia kwa njia hiyohiyo.

Tufanye hesabu kidogo ili tusijidanganye. Kiwango cha kimataifa cha chakula ni miligramu 10 za sianidi kwa kilo ya unga. Unga wenye miligramu 40 ukiloweshwa unaweza kushuka hadi kati ya 7 na 13. Huo ni msaada mkubwa. Lakini huko Nampula, katika mwaka wa ukame, unga ulikutwa na zaidi ya miligramu 100. Huo ukigawanywa hata kwa 6, bado uko juu ya kiwango. Kwa hiyo mwaka wa ukame tutumie njia mbili pamoja: kuvundika au kuloweka kwanza, na unga tuuloweshe kabla ya kupika.

Kitoweo ni sehemu ya kinga

Unga wa muhogo una protini kidogo sana: katika gramu 100, gramu 2 hivi au pungufu. Dagaa wakavu wa uzito huohuo wana zaidi ya gramu 50. Familia ya pwani yenye dagaa au samaki mezani, hata kidogo, imeupa mwili salfa ya kupambana na sianidi. Kwa walio mbali na bahari, kunde, choroko, mbaazi, njugu mawe na karanga zisaidie, na ufuta usisahaulike.

Hapa tuna neno kwa wakulima. Ufuta una utajiri wa protini ileile yenye salfa ambayo mlaji wa muhogo anaihitaji. Mkoa wetu unaulima, lakini kaya nyingi huuza gunia lote hadi punje ya mwisho. Tunashauri kila kaya ibakize debe moja la ufuta na debe moja la mbaazi kwa ajili ya sufuria ya nyumbani. Vivyo hivyo mvuvi asiuze samaki wote, akarudi nyumbani na fedha tu.

Mtoto apewe kitoweo kwanza. Desturi ya baba kupata kipande kikubwa na mtoto kupata mchuzi inamgharimu yule ambaye ubongo wake ndio unaojengwa.

Tujiandae kabla ya njaa

Sumu ya muhogo huingia kwa mlango wa haraka, kwa hiyo kinga huanza kabla haraka haijafika. Vikundi vianike na kuhifadhi makopa yaliyovundikwa vizuri katika miezi ya jua, kati ya Juni na Oktoba, ili Januari mtu asilazimike kung'oa leo na kula kesho. Tupande pia mtama na kunde ili muhogo usibaki peke yake. Kuhusu mbegu zinazovumilia batobato na michirizi ya kahawia, magonjwa yanayowafanya wakulima wavune mapema kwa hofu, tuwaone maafisa ugani na Kituo cha Utafiti wa Kilimo cha TARI Naliendele.

Tukimwona mgonjwa

Watu wakitapika au kupata kizunguzungu baada ya kula muhogo, wapelekwe zahanati au kituo cha afya mara moja, na unga uliobaki usiliwe. Mtu akikakamaa miguu ghafla, apelekwe hospitali siku hiyohiyo na si kwa mganga kwanza. Konzo haina dawa ya kurudisha miguu kama ilivyokuwa, lakini mazoezi ya viungo, fimbo na baiskeli ya magurudumu matatu humsaidia mtu kuendelea na maisha, shule na kazi. Tena, kumgundua mmoja ni kengele kwa kijiji kizima. Mtendaji wa kijiji aarifiwe ili jikoni nyingine zikaguliwe, maana aliyekwisha kuugua anaweza kushambuliwa mara ya pili akiendelea na chakula kilekile.

Walimu, wahudumu wa afya wa vijiji na viongozi wa dini zote tunawaomba mlitangaze jambo hili. Dakika 5 baada ya ibada ya Jumapili au sala ya Ijumaa zinatosha kuonyesha beseni, alama na maji.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Katika kijiji chetu, mihogo huandaliwa kwa njia gani, na kwa siku ngapi? Je, siku hizo hupungua wakati wa njaa?

2. Nani huamua kiasi gani cha ufuta, mbaazi au samaki kiuzwe na kiasi gani kibaki nyumbani?

3. Je, tunamfahamu mtu aliyekakamaa miguu ghafla? Jamii ilisema sababu ni nini, naye anasaidiwaje leo?

4. Chumvi tunayotumia ina madini joto? Tunajuaje?

5. Mchague nyumba tatu za kujaribu kulowesha unga wiki hii. Mkutane tena mwezeshane: unga ulikuwaje, ugali ulikuwaje, ni ugumu gani umejitokeza?

Muhogo umewalea babu zetu, na utawalea wajukuu zetu. Kinachotakiwa ni kuupa muda wake. Saa mbili za kungoja kando ya sinia la unga ni ndogo sana, ukizilinganisha na miguu ya mtoto ambayo atatembea nayo maisha yake yote.